Betri Inayojizima Yenyewe: Kisa cha Boti ya Bukavu Iliyohamia Lithiamu

Boti yenyewe ni ya mbao, mita 11 kwa urefu, ina paa la bati na HB, yaani moteri ya kufunga nyuma ya boti, ya farasi 40 inayowashwa kwa kuvuta kamba. Inabeba watu na mizigo kati ya Bukavu na kusini mwa kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu huku Kongo. Asubuhi nanasi, kahawa na maharagwe vinaingia mjini. Alasiri sukari, sabuni na simenti vinarudi kisiwani, na mara nyingi giza linaikuta bado iko ziwani. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara wa Idjwi. Shida aliyoniletea ilikuwa fupi: "Fundi, hizi betri zinanimaliza. Kila mwaka nanunua mbili. Watu wananiambia niweke lithiamu, sasa niambie ukweli."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafundi wengi wa Bukavu na Goma sasa wanaletewa swali hilohilo, na jibu la haraka ni la hatari. Jibu hilo ni kutoa betri za asidi na kufunga lithiamu kwenye waya zilezile. Nyumbani ukifanya hivyo utaharibu vifaa. Ziwani unaweza kupoteza watu.

Tulianza na vitu vinavyokula umeme. Kulikuwa na taa sita za LED za abiria, za wati 5 kila moja. Taa za njia, nyekundu na kijani mbele na nyeupe nyuma. Projekta, yaani taa kali ya kumulika mbali, ya wati 20, ya kutazamia mitumbwi ya wavuvi wa sambaza (samaki wadogo) usiku. Redio na spika yake. Mahali pa kuchajia simu. Na pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayopenya kati ya mbao na kutulia chini ya miguu ya abiria. Nilijumlisha wati kwa saa za siku ya kawaida nikapata karibu wati-saa 600, yaani kama ampea-saa 48 kwa siku.

Betri zilikuwa mbili za asidi, si zile za kuwashia gari bali zile zinazotoa umeme polepole kwa muda mrefu, za ampea-saa 100 kila moja. Kwa hesabu zilitosha na kubaki. Betri ya asidi ikitumika hadi nusu tu haichakai haraka. Nusu ya 200 ni 100, na boti inakula 48. Kwa nini basi zilikuwa zinakufa kila mwaka?

Nilipima asubuhi kabla jua halijapanda, kila kitu kimezimwa tangu usiku. Moja ilisoma volti 12.1, nyingine 11.8. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, na ikiwa nusu ni karibu 12.2. Kwa maneno mengine, boti ilikuwa inaanza siku na chini ya nusu, na hakuna aliyejua, maana taa zilikuwa zinawaka.

Sababu ilikuwa juu ya paa. Paneli moja ya wati 100 ililazwa hapo, na boti ikijaa magunia yalipangwa juu yake. Hata bila magunia, paneli kama hiyo kwa anga ya Bukavu, ambako mvua inashika kuanzia Septemba hadi Mei, ilikuwa inaingiza kama ampea-saa 25 kwa siku nzuri. Moteri nayo ina koili ya taa, inayozalisha umeme moteri ikizunguka, iliyoandikwa wati 80, lakini waya wake ulikuwa umekatwa na kufungwa plastiki. Boti ilikula 48 na kupata 25, na tofauti ilitoka kwenye betri kila siku. Betri ya asidi isiyofika kujaa huota salfeti kwenye sahani zake za risasi, na salfeti hiyo ikikaa huwa ngumu hadi chaji haiwezi tena kuiyeyusha. Ongeza ufungaji: mizigo yote ilichukuliwa kwenye betri moja, ya pili ikaunganishwa pembeni kwa waya mwembamba, kwa hiyo moja ilifanya kazi ya mbili mpaka ikachoka na kuanza kumnyonya mwenzake.

Nikamwambia mama: "Mama, betri hazina kosa. Zimekufa njaa."

"Basi nikiweka lithiamu nayo itakufa njaa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mafundi wenzangu. Jibu ni kwamba lithiamu haifi kwa njaa ya namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuitaka kwenye boti kama yake. Betri ya asidi hupokea chaji haraka hadi kama asilimia 80, halafu sehemu ya mwisho inaingia polepole kwa saa nyingi. Jua la Kivu halikupi saa hizo kila siku; saa nane wingu limefunika Idjwi na kazi imebaki nusu. Lithiamu hupokea karibu kwa kasi ileile hadi mwisho, na ikibaki nusu wiki nzima haipati madhara yoyote. Tena, asidi inapoteza sehemu ya umeme unaoingia kwa joto na mapovu ya gesi, lithiamu inarudisha karibu wote. Paneli ileile inaonekana kama imeongezeka.

Faida ya uzito ni ya kweli lakini watu wanaizungumzia kupita kiasi. Betri mbili za asidi zilikuwa karibu kilo 56, lithiamu ya ampea-saa 100 ni kilo 10 hadi 13. Kwa boti inayobeba simenti, kilo 40 ni chini ya mfuko mmoja. Faida niliyoipenda zaidi ni kuondokana na gesi inayowaka: betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na hizi zilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya benchi, jirani na madumu ya mafuta.

Mama aliogopa moto. Kila mtu aliyeona picha za simu na pikipiki zikiungua anaogopa. Hapa inabidi kutofautisha. Betri nyingi za simu hutumia kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, Kolwezi na maeneo yake. Betri ya boti tunayozungumzia ni ya chuma na fosfeti, mafundi wanaiita LFP; familia hiyo ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990, na haina kobalti hata chembe. Inastahimili joto zaidi na haitoi oksijeni kirahisi ya kulisha moto wake yenyewe. Haimaanishi haiwezi kuungua kabisa; ikipasuliwa au ikichajiwa kupita kipimo hutoa gesi zinazowaka. Lakini kati yake na betri za asidi zenye haidrojeni karibu na petroli, kwenye boti ile mimi nachagua LFP.

Mama alitaka mbili, kwa sababu za zamani zilikuwa mbili. Nilimkatalia. Moja ya ampea-saa 100 hutoa 80 hadi 90 bila kuumia, na boti inakula 48. Pesa ya betri ya pili ilifaa iende kwenye paneli. Ndivyo tulivyofanya: paneli ya wati 200, imeinuliwa juu ya fremu ya chuma ili gunia lisipate pa kukaa, na kidhibiti chaji cha aina ya MPPT, kinachovuna umeme mwingi zaidi kwenye paneli, mahali pa kile cha zamani.

Kununua

Betri ya kwanza tuliyoletewa iliandikwa ampea-saa 100, ina rangi nzuri na kitabu. Niliinyanyua kwa mkono mmoja nikaingiwa na shaka. Seli ya LFP ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 2. Betri ya volti 12.8 ina seli nne, za volti 3.2 kila moja, zimefuatana. Hapo ni kilo 8 kabla hujahesabu sanduku, waya na bodi. Hii kwenye mizani ilisoma chini ya kilo 7. Hakuna namna.

Hata hivyo tuliijaribu, maana muuzaji alishikilia maneno yake. Tuliichaji hadi ikajaa, tukaifunga taa zinazovuta ampea 10, tukaweka saa. Betri ya ampea-saa 100 inapaswa kuendelea kwa saa 10 hivi. Hii ilizima baada ya saa sita kupita kidogo. Ilirudishwa. Ya pili ilikuwa na kilo 11 na ikafika saa 10 pasipo shida. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote ya bei, kinahitaji mizani ya sokoni, taa, saa na subira, na namsihi kila mnunuzi adai kifanyike mbele yake kabla ya kutoa dola.

Kile kisichopaswa kuzimika

Sasa nafika kwenye kiini cha kisa, na hapa ndipo naomba fundi mwenzangu asome polepole.

Betri ya asidi inapoisha inakuaga. Taa zinafifia, redio inakoroma, pampu inapunguza sauti. Nahodha ana nusu saa ya kufikiri. Lithiamu haina kwaheri. Ndani yake kuna bodi ya ulinzi, BMS, inayoangalia kila seli. Seli moja ikipanda juu ya volti 3.65 hivi, au ikishuka karibu na 2.5, au mkondo ukizidi kipimo, au joto likizidi, bodi inakata. Kila kitu kinazima kwa mara moja, kutoka mwanga kamili hadi giza kamili. Bodi inafanya kazi yake sawasawa: inalinda betri. Haijui kwamba kuna watu juu ya maji.

Kwenye boti ya mbao, pampu ni sehemu ya uhai. Ziwa Kivu si la kuchezea. Upepo wa jioni ukiamka, mawimbi yanarusha maji juu ya ubavu na mbao zinavuja zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku hapo Goma, ufukwe ukionekana. Haikuwa habari ya betri, ilikuwa imebeba kupita kiasi. Lakini yeyote anayefunga waya kwenye chombo cha ziwa hili anafanya kazi mahali ambapo kosa dogo likiongezwa juu ya lingine hakuna muda wa kulirekebisha.

Kwa hiyo kabla sijagusa lithiamu nilimwita nahodha, tukakaa, nikamuuliza: "Yaya (kaka mkubwa), usiku, katikati ya maji, nini lazima kiendelee kuwaka hata kama vingine vyote vimekufa?" Hakuchelewa. Pampu. Taa za njia, ili boti nyingine isitugonge. Na taa moja ndogo ya ndani, watu wasipate hofu wakakimbilia upande mmoja. Hayo matatu. Wenzetu wa Marekani wanaoandika kanuni za umeme wa boti, ABYC, katika kanuni yao ya lithiamu ya E-13 iliyotoka 2022, wanadai jambo lilelile: vifaa muhimu, taa za njia zikiwemo, viwe na chanzo kingine cha umeme endapo BMS itakata, na mwendeshaji apate onyo kabla haijakata. Nahodha wa Idjwi alifika hapohapo kwa akili ya kazi yake.

Hayo matatu tukayapa betri yao, ya asidi, ndogo, iliyofungwa isiyomwagika, ya ampea-saa 40. Pampu inavuta ampea 4. Nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo pampu peke yake inaweza kwenda saa 5 mfululizo bila kuichosha betri hiyo. Redio, simu, projekta na taa za abiria zikabaki kwa lithiamu. Waya wa mifumo miwili haugusani upande wa chanya popote, ila kupitia shajeri ndogo ya betri kwa betri, ya ampea 10, inayochukua kwa lithiamu na kujaza asidi kwa volti zake inavyostahili. Lithiamu ikishuka sana shajeri hiyo inajizima, asidi inabaki na chake. Usiunganishe lithiamu na asidi ubavu kwa ubavu eti zisaidiane. Volti zao za kujaa na za kupumzika hazifanani, na moja itakuwa inamwagia nyingine bila kukoma.

Koili ya moteri nayo tuliirudisha kazini, kwa betri ya asidi tu. Sababu ni hii: kwenye moteri nyingi ndogo koili inapita kwenye kigeuzi rahisi kisichodhibiti volti vizuri, na moteri ikipanda mwendo volti zinapanda nayo. Betri ndiyo inayozizuia. Sasa fikiria betri hiyo ni lithiamu, imejaa, BMS inakata: volti hazina pa kwenda, zinapanda na kuunguza redio, taa na chochote kilichoko kwenye laini. Tuliweka pia regilateri (kidhibiti volti) nzuri kwenye koili. Kwa wenye boti kubwa za dizeli shida ina sura nyingine: lithiamu inavuta mkondo wote ambao altaneta inaweza kutoa, altaneta inafanya kazi bila kupumzika kwenye chumba cha joto, inaungua, na BMS ikikata ghafla, diodi zake zinakufa. Huko shajeri ya betri kwa betri ni ya lazima.

Kidhibiti cha jua kilipangwa hivi: kujaza hadi volti 14.2, kushikilia 13.4, na ile hatua ya kuchemsha betri ya asidi kwa volti za juu tuliizima kabisa. Marekebisho ya volti kulingana na baridi nayo tuliyazima, hayo ni ya asidi. Ukisoma mashauri ya Wazungu utakuta wanasisitiza sana betri isichajiwe chini ya sifuri. Ni kweli, lakini Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari na haijawahi kutuletea barafu. Kwetu adui ni joto chini ya bati saa saba mchana, ndiyo maana sanduku la betri liliwekwa kivulini, mbali na bati, juu ya kimo ambacho maji ya ngama yanaweza kufika, limefungwa mikanda lisiruke kwenye mawimbi.

Fyuzi haiwezi kuwa yoyote. Lithiamu ikipata shoti inaweza kutema maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua, na fyuzi ya bei rahisi inaweza kuyeyuka huku cheche zikiendelea kupita katikati yake. Tuliweka fyuzi ya ampea 40 ya aina inayofungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya chanya, iliyotengenezwa kukata mkondo mkubwa. Ilitafutwa kwa muda mrefu ikaja kutoka nje. Mama aliuliza kwa nini asubiri kitu kidogo hivyo. Nikamwambia bila hicho sifungi.

Kipimo cha volti alichozoea nahodha hakina maana tena. Lithiamu ikiwa asilimia 90 husoma karibu 13.3, na ikiwa 40 bado ni 13.1 hivi, hakuna jicho litakalosoma tofauti hiyo boti ikitikisika. Badala yake kuna shanti kwenye waya wa hasi inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka, na kioo kinaonyesha asilimia. Kengele inalia ikifika 25.

Usiku wa harusi

Mfumo ulipita msimu wa mvua vizuri, asilimia ikishuka chini ya nusu kwa nadra. Kisha boti ikakodiwa kurudisha watu wa harusi Bukavu, jioni, upepo umeshaanza. Vijana wa muziki walikuja na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1,500 na spika zao. Hawakumuuliza mtu, walifungua sanduku na kubana waya moja kwa moja kwenye nguzo za lithiamu, bila kupitia fyuzi. Inveta ya namna hiyo ikifanya kazi kwa nguvu inavuta zaidi ya ampea 120, na ikiwashwa tu hunyonya mkupuo mkubwa zaidi. BMS ya betri ile ina kikomo cha ampea 100. Ikakata.

Nahodha alinieleza kwamba muziki, taa za abiria na projekta vilikufa pamoja. Watu walipiga kelele. Taa ndogo ilibaki, taa za njia zilibaki, na alisikia pampu chini ikiendelea. Aliwaambia wakae kila mtu mahali pake, akang'oa waya za inveta, na baada ya muda mfupi betri ikajirudisha.

Kwa mfumo uliopendekezwa na waliomshauri mama mwanzoni, yaani lithiamu mbili kwenye waya za zamani, pampu ingekuwa imezima pamoja na muziki. Baada ya siku hiyo sanduku likapata kufuli, ufunguo uko shingoni mwa nahodha, na anayetaka muziki mkubwa anakuja na betri yake.

Betri za zamani mama alitaka kuziuza kwa wanaoyeyusha risasi. Nilimwomba aziuze nzima, asimruhusu mtu azipasue ufukweni na kumwaga asidi pale ambapo watoto wanateka maji. Alikubali, na alisimama mwenyewe hadi zikapakiwa.

Lililobaki ni la Juni hadi Agosti, boti ikipandishwa nchi kavu kukalafatiwa, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao. Asidi ndogo ibaki kwenye chaji na ijae daima. Lithiamu kinyume chake: iache karibu nusu, tenganisha waya zake zote pamoja na kidhibiti na shanti, maana navyo vinakunywa kidogokidogo, kisha iwekwe ndani ya nyumba mahali pakavu na ipimwe kila mwezi hadi boti irudi majini.